Meza ya Bustani: Hesabu Huanzia Siku ya Ufunguzi

Toleo lililopita tuligusia miji inayokaribisha maonyesho ya kimataifa ya maua na bustani, na barua zikamiminika. Wengine mmepewa viwanja vya kupanda, wengine mnasafirisha maua, wachache mnataka tu kwenda kutazama. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Ndugu wahariri, nasikia miji ikishindania kuandaa maonyesho ya maua ya miezi sita. Niliyozoea mimi ni ya siku tatu, ukumbini, watu wanapewa kikombe na kurudi nyumbani. Tofauti ni nini, na nani anayetoa idhini? – *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Maonyesho haya yamegawanywa kwa madaraja. Juu kabisa ni daraja A1, na mji unaoyataka hubisha hodi milango miwili: AIPH, chama cha kimataifa cha wazalishaji wa mimea ya bustani kilichoundwa 1948, kisha BIE, ofisi ya maonyesho ya dunia yenye makao yake Paris. Ya A1 huchukua miezi 3 hadi 6, hutaka eneo lisilopungua hekta 50 na nchi shiriki zisizopungua 10. Daraja B hukubali hekta 25. Hayo uliyoyazoea ya ukumbini yana daraja lake pia, C, la siku 4 hadi 20.

Rotterdam ndiyo iliyofungua njia mwaka 1960 kwa maonyesho yaitwayo Floriade, ambayo Uholanzi imeyarudia kila baada ya miaka kumi hivi. Baadaye zikafuata Osaka 1990, Kunming 1999, Beijing 2019 na Doha 2023. Zamu ya 2027 ni ya Yokohama. Tazama tarehe zao uone nani mwenye amri: Beijing ilifungua 29 Aprili 2019 na kufunga 7 Oktoba, msimu wa joto mzima. Doha ilifungua 2 Oktoba 2023 ikafunga 28 Machi 2024, kwa sababu kiangazi cha jangwani hakina mzaha na petunia.

Ukumbini unapeleka ua lililokwisha kuchanua, na baada ya siku tatu hakuna wa kukuuliza. Kwenye A1 unapeleka bustani, nayo inapigwa jua na mvua nusu mwaka mzima mbele ya macho ya watu. Tuta moja la maua ya msimu huweza kupandwa upya mara tatu au nne kabla ya kufunga. Anayekuja na miche ya kupanda mara moja tu amekuja na robo ya mzigo.

SWALI: Kikundi chetu kimepewa kiwanja cha mita za mraba 60. Tumechagua petunia, marigodi fupi na begonia ndogo za matuta. Tuoteshe miche mingapi na tuanze lini? Mara iliyopita tulisia mbegu zote siku moja. Ufunguzi ulipofika marigodi zimechoka na begonia hazina hata kitumba. – *Kundi la akina mama wapanda maua*

JIBU: Kosa lenu mmelitaja wenyewe, akina mama: siku moja. Chukueni kalenda, wekeni alama siku ya ufunguzi, kisha hesabuni kurudi nyuma. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza, marigodi fupi huhitaji wiki 8 hadi 10, petunia 10 hadi 12, begonia ndogo 14 hadi 16. Kwa hiyo begonia inasiwa wiki sita hivi kabla ya marigodi. Mahali penye baridi ongezeni wiki moja au mbili, kwa kuwa mmea hauhesabu siku, unahesabu joto.

Idadi sasa. Toeni njia, mawe na kibao. Tuseme zimebaki mita 40 za maua. Bustani ya nyumbani hupandwa kwa nafasi ya sentimita 20 au zaidi na kungojewa ijaze. Mgeni wa maonyesho hangoji. Pandeni kwa sentimita 15, yaani miche 44 kwa mita ya mraba. Mara 40 ni 1,760. Ongezeni asilimia 15 ya akiba kwa ajili ya itakayokanyagwa, itakayooza shina na itakayotoa rangi isiyo yake: jumla 2,024. Hiyo ni raundi moja tu.

Kila aina isieni kwa mafungu matatu yaliyopishana siku saba. Fungu la kati ndilo la ufunguzi. La kwanza ni kinga ya baridi, la tatu ni kinga ya joto la ghafla. Fungu mtakaloliacha halipotei, litaziba mapengo wiki ya tatu.

Mbegu ya begonia ni vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 50,000. Changanyeni na mchanga mkavu laini, nyunyizeni juu ya udongo uliokwisha loweshwa, na msiifukie. Inataka mwanga ili iote. Wengi hulalamikia mbegu mbovu kumbe waliizika. Mwagilieni kwa kuweka trei ndani ya maji ili yapande kutoka chini, maana hata kopo lenye vitundu vidogo huzikusanya mbegu zote pembeni.

Vitumba vikitangulia, hamishieni miche mahali pa nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi penye kivuli chepesi. Itasimama bila kudhurika. Vikichelewa, pandisheni joto la usiku nyuzi tatu au nne, wala msikimbilie mbolea ya naitrojeni, itawapa majani. Na wiki tatu kabla ya ufunguzi kateni maua yote ya petunia na ncha zake. Roho inauma kuyakata, lakini mmea hutawanya matawi na kurudi na vitumba vingi vya umri mmoja, na huo umri mmoja ndio waamuzi wanaouita usawa.

Siku 7 hadi 10 izoesheni miche jua na upepo wa nje. Ipelekeni kiwanjani siku 10 hadi 14 kabla ya ufunguzi, ili majani yapate muda wa kugeukia jua na alama za mikono zifutike. Kabla ya kupanda, zamisheni kila chungu ndani ya ndoo hadi mapovu yaishe. Udongo wa kitaluni ukikauka husukuma maji: unamwagilia tuta, maji yanapita pembeni ya bonge la mizizi, juu kunang'aa na katikati kukavu kama unga. Mche unanyauka ndani ya tope, na watu wanazidisha maji.

SWALI: Krisanthemamu zangu zimerefuka, majani mazuri, lakini hazitoi vitumba. Za jirani, mbegu ileile, zimejaa. Tofauti pekee ni kwamba zangu ziko karibu na taa ya mlinzi. Naogopa kuonekana mjinga nikiilaumu taa. – *Kijana wa kitalu*

JIBU: Ilaumu. Krisanthemamu hupima urefu wa usiku. Zikipata giza lisilokatizwa la saa 13 hadi 14 kila siku, zinaanza kuunda vitumba; giza likikatwa katikati, hata kwa mwanga hafifu, zinasoma kuwa siku bado ni ndefu na kuendelea kurefuka. Wakulima wa biashara hutumia tabia hiyohiyo kwa makusudi: wanawasha taa usiku wa manane ili mmea ufikie urefu wanaoutaka, kisha wanazima na kuhesabu.

Kila aina ina namba yake ya wiki kutoka giza la kwanza hadi kuchanua, nyingi za biashara kati ya 7 na 10. Muulize aliyekuuzia vipandikizi. Kama yako ni ya wiki 8, wiki 8 kabla ya ufunguzi anza kufunika kwa kitambaa cheusi kizito, saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kila siku bila kuruka Jumapili, mpaka vitumba vianze kuonyesha rangi. Jaribu kitambaa kwa kuingia chini yake mchana. Ukiona kitundu cha nuru, mmea nao unakiona.

Mahali pa joto pana hatari nyingine. Ukifunika mapema jua likiwa bado kali, hewa chini ya kitambaa hupita nyuzi 30 na vitumba vinasita. Funika baadaye kidogo, funua ncha za chini giza likiingia ili joto litoke, na urudishe kabla ya alfajiri. Na mwombe mlinzi aigeuzie taa ukutani.

SWALI: Tulipeleka waridi, karnesheni, anthuri na gladioli kwa gari moja la baridi, nyuzi 2. Tulipofungua, anthuri zilikuwa na madoa meusi, karnesheni zimejikunja kama zimelala, gladioli zimepinda shingo, na baada ya siku moja waridi nazo zikainamisha vichwa. Gari lilikuwa na kasoro? – *Msafirishaji*

JIBU: Pengine gari lilikuwa zima kabisa. Mlikuwa na matatizo manne ndani ya boksi moja.

Anthuri ni ua la nchi za joto, na nyuzi 2 kwake ni kuungua. Yeye, helikonia na okidi nyingi husafiri kwenye nyuzi 12 hadi 15; chini ya hapo chembe zake hudhurika na doa jeusi hutokea baada ya kurudishwa kwenye joto, ndiyo maana dereva huapa kwamba alizipakia nzima. Waridi na karnesheni ndizo zinazotaka 0 hadi 2. Hakuna nyuzi za katikati zitakazowaridhisha wote. Tafuteni magari mawili, au chumba chenye kizigeu.

Karnesheni kulala ni kazi ya etilini, gesi ambayo matunda yanayoiva huitoa, na moshi wa injini pia. Gari hilo lilibeba nini safari ya kabla? Kama ni ndizi au maembe na halikupigwa hewa, jibu ndilo hilo. Kitaluni karnesheni hunyweshwa dawa yenye madini ya fedha mara tu baada ya kukatwa ili zisiisikie etilini; ulizeni kama zenu zilinyweshwa.

Gladioli haina ugonjwa. Ncha yake hukua kuelekea juu popote pale juu palipo, na ukiilaza kwenye boksi saa kadhaa inajipinda kuitafuta. Haikunjuki tena vizuri. Isafirishwe imesimama.

Waridi kuinamisha kichwa maana yake maji hayafiki shingoni. Sababu ni mapovu ya hewa yaliyoingia shina lilipokatwa, au bakteria walioziba mirija, au ua lilikatwa changa mno na shingo bado laini. Mkifika, kateni tena sentimita 2 hadi 3 za shina kwa kisu kikali, ndani ya maji, ondoeni majani yote yatakayozama, kisha zisimamisheni saa kadhaa kwenye maji safi yenye dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo, ya asilimia 5, mililita 1 kwa lita. Zaidi ya hapo mtaunguza mashina. Wala msichanganye dawa hiyo na limau au siki au unga wa kuhifadhia maua wenye tindikali, inatoa gesi ya klorini.

Na jambo moja ambalo hamkuuliza: mlipakia maua yakiwa ya baridi, au mliyaingiza ya moto mkitegemea gari liyapoze? Gari la baridi hutunza baridi iliyokwishapatikana. Boksi lililofungwa likiwa na joto la shambani hubaki na joto hilo saa nyingi, unyevu unatona ndani, na kuvu wa kijivu anaanza kwenye petali za nje. Poozeni kwanza chumbani, na feni inayovuta hewa kupita ndani ya boksi, ndipo mfunge.

SWALI: Nataka kupeleka okidi zangu na mishubiri ya pori kwenye maonyesho ya nchi nyingine. Rafiki ananiambia cheti cha afya ya mimea kinatosha. – *Mpenda okidi*

JIBU: Hakitoshi, rafiki yako amekupa nusu. Anza na masharti ya nchi unakoenda: nyingi hutaka kibali cha kuingiza kabla mmea haujaondoka, na ndicho kinachosema mkaguzi wa kwenu atafute nini. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya serikali ya nchi unakotoka, kwa utaratibu wa mkataba wa kimataifa wa 1951, na mkaguzi akiona kidukari kimoja chini ya jani unarudi nyuma ya foleni. Omba ukaguzi karibu na siku ya kusafiri, kwani uhai wa ukaguzi huo ni mfupi.

Udongo karibu kila mahali umekatazwa. Osha mizizi hadi maji yatoke meupe, ifunge kwa kuvumwani safi (ile iitwayo sphagnum) au nyuzi za nazi zilizochemshwa, kama nchi ile inaziruhusu. Kreti la mbao nalo lina sheria yake: mbao zipashwe moto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, zigongwe muhuri. Mimea mingi mizuri imezuiliwa bandarini kwa kosa la kreti.

Kisha kuna CITES, mkataba wa 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini. Okidi zote zimo, ama Kiambatisho cha Pili au cha Kwanza, ambacho ndicho chenye masharti makali zaidi. Jamii nzima ya Paphiopedilum, zile zenye ua kama kiatu, iko cha Kwanza. Mishubiri nayo imo karibu yote isipokuwa Aloe vera. Kwa okidi iliyooteshwa kitaluni kibali hupatikana ukionyesha kumbukumbu za mmea mama na tarehe. Kwa mshubiri uliochimbwa porini tusingekushauri hata ujaribu. Miche ya okidi iliyomo bado ndani ya chupa za maabara imesamehewa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote kama una miaka ya kungojea ichanue.

SWALI: Ukuta wa mimea tuliojenga, mita 4 kwenda juu, umekauka juu na kuoza chini. Tumeongeza maji, ukazidi. – *Fundi bomba*

JIBU: Maji hushuka, na ya ziada mliyoyaongeza yote yaliishia chini. Gaweni ukuta kwa mistari mitatu au minne ya mlalo, kila mmoja na vali yake na kipima muda chake. Wa juu upate dakika 3 mara nyingi kwa siku, wa chini mara moja au mbili. Tumieni dripu zinazosawazisha presha, zenye kizuizi cha kushikilia maji yakizimwa. Bila hicho, kila mkizima, bomba zima hujimwaga kupitia tundu la chini kabisa. Juu pandeni vinavyovumilia ukame, majani manene ya aina ya sedumu. Majimbi na mikangaga yashuke chini kwenye unyevu. Na wekeni bomba la akiba tayari limefungwa nyuma, kwa sababu ukuta hauna udongo wa kuazima maji: pampu ikifa asubuhi ya jua kali, jioni mna ukuta wa kahawia.

SWALI: Tulinyimwa alama kwa "majina". Maua yalikuwa mazuri! – *Mshiriki aliyekasirika*

JIBU: Pole. Kibao cha mmea kwenye maonyesho ya kimataifa huandikwa jina la kisayansi kwa herufi za mlalo, jenasi ikianza na herufi kubwa na spishi kwa ndogo, kisha jina la aina iliyozalishwa ndani ya alama moja ya nukuu, herufi wima. Hivi: *Rosa* 'Madame A. Meilland'. Jina la biashara lililo kwenye pakiti ya mbegu mara nyingi silo jina la aina. Mwamuzi akikuta kibao kinasema hivi na ua linasema vile, anahesabu kuwa umeonyesha mmea usioufahamu.

SWALI: Nina siku moja tu ya kutembelea. Niende lini, na niingie wapi kwanza? – *Mtalii wa maua*

JIBU: Hekta 50 ni karibu viwanja 70 vya mpira, kwa hiyo siku moja haikutoshi, chagua. Usiende wiki ya kwanza, kuna hotuba nyingi na miti iliyopandwa juzi. Wiki ya tatu hadi ya sita matuta yameziba. Uliza ratiba ya kumbi za ndani, kwa kuwa maua ya kukatwa hubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, na ukifika siku ya mwisho ya raundi utakuta waridi zimefumbuka hadi moyo. Waridi na matuta ya nje uyapate mapema asubuhi kabla ya jua kupauza rangi. Bwawa la mayungiyungi liache hadi saa 4 asubuhi au zaidi: yale ya mchana hufunguka jua likipanda na kufunga alasiri. Yapo pia yanayofunguka usiku, na ukibahatika kuruhusiwa jioni hayo ndiyo ya kusubiri.

Usinunue mmea wa chungu wa kuvuka nao mpaka bila kusoma jibu la okidi hapo juu.

SWALI: Wakifunga lango, bustani yote hiyo inakwenda wapi? – *Mlipakodi*

JIBU: Inategemea iliamuliwa nini kabla ya koleo la kwanza. Vienna mwaka 1964 ilifanya maonyesho juu ya eneo lililokuwa na jalala, na leo ni Donaupark, bustani ya watu wote, mnara wake ukiwa bado umesimama. Osaka ilibakiza bustani yake ya 1990 pamoja na nyumba kubwa ya kioo. Liverpool ilifanya ya 1984 kwenye ardhi chakavu iliyosafishwa. Baada ya kufunga, sehemu kubwa ikaachwa miaka mingi kwenye magugu, na bustani zilizosalia zikafunguliwa tena 2012. Almere, iliyoandaa Floriade ya 2022, haikupata hata nusu ya wageni milioni 2 iliowatarajia, na hasara ikabaki kwa manispaa. Eneo lenyewe lilikusudiwa tangu mwanzo kuwa mtaa wa makazi.

Ukitaka kujua ya mji wako yataishia wapi, omba kuona ramani ya mabomba. Mabomba ya umwagiliaji yaliyofukiwa chini sentimita 50 na kuunganishwa na maji ya mji yamewekwa ya kudumu. Yaliyolazwa juu ya udongo na kufunikwa maganda ya mbao yataviringishwa siku ya kufunga. Tazama na miti: mti mkubwa unaohamishwa huchimbwa na bonge la mizizi lenye upana mara 10 hadi 12 ya unene wa shina, na hukatwa mizizi mwaka mmoja kabla ili uote mipya karibu. Ukiona miti mirefu yenye mabonge madogo, imefungwa waya pande zote na shina limefukiwa hadi juu ya shingo ya mizizi, imepandwa kwa ajili ya picha.